Kitengo cha elimu maalum: wanajua kukata, kuosha na kupepea moto, ila hakuna anayejua kupika

Mwl_Kitengo aliuliza:

Wadau, habari za kazi. Ninafundisha kitengo cha elimu maalum ndani ya shule ya msingi ya kawaida, mkoa wa Morogoro, na nina swali la jikoni.

Wanafunzi ni 9, umri kati ya miaka 11 na 17. Watano wana ulemavu wa akili, wawili wana usonji (mmoja wao haongei kabisa), mmoja ana mtindio wa ubongo na mkono wake wa kulia haukamati vizuri, mmoja ana kifafa na anatumia dawa. Tuna msaidizi mmoja. Vifaa: mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lake juu, majiko mawili ya mkaa, sufuria za kutosha, na bomba liko nje karibu na mlango. Upishi ni Alhamisi, vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Ukiondoa kunawa mikono na kuosha vyombo hazibaki zaidi ya 50.

Shida ni hii. Ukiingia Alhamisi utaona darasa limechangamka: huyu anachambua mchicha, yule anapepea moto, mwingine anaosha nyanya. Wali unaiva, tunakula, picha zinapigwa. Ila mchukue yeyote kati yao umwambie apike peke yake, atasimama ananitazama. Kila kipande anakijua, kinachofuata hakijui. Akimaliza kumimina maji anasubiri niseme. Wazazi nao wanasema nyumbani hawamruhusu kusogelea moto, kwa hiyo kinachofundishwa hapa kinaishia hapa.

Nianze na chakula gani? Gesi au mkaa? Kisu lini? Na huyu wa kifafa nimweke mbali na moto moja kwa moja?

TibaKazi_Kaskazini alijibu:

Mwalimu, umeshalitaja tatizo mwenyewe: "anasubiri niseme." Sauti yako imekuwa sehemu ya mapishi. Mwanafunzi amejifunza kwamba baada ya maji huja sauti ya mwalimu, ndipo mchele. Ukiitoa sauti, mnyororo unakatika.

Kati ya misaada yote tunayowapa, maneno ndiyo magumu kuliko yote kuyaondoa. Watu wengi hudhani kumshika mkono ndiko kunamdekeza. Mkono unaupunguza kidogo kidogo: leo umeshika kiganja, wiki ijayo kifundo, baadaye kiwiko, halafu umesimama nyuma tu. Neno huwezi kulipunguza nusu. Ama umelisema ama hujalisema.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua chakula kimoja, na kiwe chakula kinachosamehe makosa. Ningeanza na yai la kuchemsha. Halihitaji kukoroga, likikaa dakika mbili zaidi halijaharibika, na moto hautaki kuongezwa na kupunguzwa. Likigawanywa ni hatua kama hizi: nawa mikono, chukua sufuria ndogo, panga mayai ndani kwa mkono sufuria ikiwa kavu, mimina maji baridi mpaka yapite mayai kwa upana wa vidole viwili, bandika, washa, subiri mapovu makubwa, bonyeza kengele ya simu ya dakika 10, ikilia zima, hamisha mayai kwa upawa wa matundu hadi bakuli la maji baridi, subiri dakika 5, gonga, menya, maganda kwenye ndoo. Walio nyanda za juu, Mbeya au Lushoto, waongeze dakika mbili, maana huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100.

Wapishi watasema yai lililotumbukizwa kwenye maji yanayochemka humenyeka vizuri zaidi. Ni kweli. Lakini kutumbukiza kitu kwenye maji ya moto ni hatua ambayo hutaki kuanza nayo. Nunua mayai siku kadhaa kabla. Yai lililotagwa jana utando wa ganda lake hung'ang'ania sehemu nyeupe, na mtoto mwenye vidole vizito atakata tamaa.

Sasa usianzie mwanzo, anzia mwisho. Wewe fanya hatua zote kimya, yeye akitazama, halafu mpe hatua ya mwisho tu: kumenya, kutupa ganda, kula. Akiiweza bila msaada, mrudishe hatua moja nyuma: kuhamisha mayai, kumenya, kula. Unarudi hivyo mpaka kunawa mikono. Faida yake ni kwamba kila siku anamaliza kazi yeye mwenyewe na thawabu iko mkononi, wala humwachi katikati.

Kwenye hatua mpya, anza na msaada mkubwa (mkono) uupunguze. Kwenye hatua aliyokwisha kuiweza jana, geuza: subiri kwanza. Hesabu moyoni mpaka kumi. Kumi ni ndefu sana kwa mwalimu, utajisikia kuwasha moto mwenyewe. Zikiisha, nyooshea picha kidole. Bado? Gusa kiwiko. Maneno yasiwemo kabisa isipokuwa kwenye hatari.

Andika kwenye karatasi: mistari ni hatua, safu ni tarehe, herufi moja kila kisanduku. P amefanya peke yake, I ishara, G mguso, S umemshika. Hatua yenye P mara tatu mfululizo imeshika. Hatua inayobaki S wiki hadi wiki ni kubwa mno: ikate vipande viwili. Mara nyingi ni "washa."

Sufuria_na_Mwiko (Nakuru) alijibu:

Hujambo mwalimu. Huku Kenya wanafunzi wasiofuata madarasa ya kawaida huwekwa kwenye njia ya hatua: msingi, kati, kabla ya ufundi, kisha ufundi. Stadi za kujitegemea kila siku zinaanza hatua ya kwanza kabisa, kabla mtoto hajafika jikoni. Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu kusema kidogo. Mimi niongeze juu ya picha, vipimo na ugali, maana hatimaye mtoto lazima afike kwenye ugali.

Picha ziwe za sufuria yenu, mwiko wenu, kopo lenu. Zile picha za kuchora za jiko la oveni hazimsaidii mtoto ambaye hajawahi kuliona. Piga kwa simu, chapisha, funika kwa selotepu pana pande zote mbili kwa sababu mvuke utaziharibu ndani ya wiki. Zipange kwenye kamba kutoka kushoto kwenda kulia, zikishikwa kwa vibanio vya nguo. Hatua ikiisha, mtoto anaitoa picha na kuitia kwenye bahasha. Asiyeongea atakwenda na hiyo kamba vizuri kuliko wote, kwa sababu jibu la "kinachofuata ni nini" limening'inia mbele yake. Kamba ikae usawa wa macho pale anapofanyia kazi. Ikikaa kwenye meza yako, atakuja kukutazama wewe.

Vipimo: sahau gramu. Kopo moja, lile lile kila wiki, na rangi. Nasi hupaka bandi ya rangi nyekundu kopo la maji, bandi ya buluu kopo la unga. Kadi ya ugali ina makopo mekundu manne na ya buluu mawili na nusu; mtoto analinganisha rangi na kuhamisha kokoto moja kila anapomimina kopo moja. Bila kokoto, akiitwa jina katikati hajui kama alifika la pili au la tatu. Kwa wali, watu hupima maji kwa pingili ya kidole juu ya mchele. Usiwafundishe hivyo mwanzoni. Pingili za mtoto wa miaka 11 na za mama yake si sawa, na sufuria pana inataka maji mengine. Kopo moja la mchele kwa mawili ya maji, kama mchele haukulowekwa, inatosha kuanzia.

Ugali. Makopo 3 ya maji jikoni. Kopo la 4 la maji baridi koroga na nusu kopo la unga kwenye bakuli, mimina ndani maji yakichemka, koroga mpaka uwe uji, acha utokote dakika 3. Ongeza makopo 2 ya unga kwa awamu tatu, ukisonga katikati ya kila awamu. Wengi huruka ule uji, na hapo ndipo madonge yanapotoka: unga mkavu ukitua kwenye maji yanayochemka, nje ya donge huiva papo hapo na kufungia unga mbichi ndani, hata usonge vipi hauingii maji tena. Umeiva ukibanduka pembeni mwa sufuria na harufu ya unga mbichi ikiisha.

Ila ugali usiwe wa kwanza. Una mambo mawili mabaya kwa mwanafunzi anayeanza: nguvu na haraka. Ule uji ukianza kuwa mzito hurusha matone, na tone la uji hunata kwenye ngozi likiendelea kuunguza tofauti na tone la maji. Mwiko uwe mrefu, mikono ya sweta imekunjuliwa hadi kwenye kifundo, moto upunguzwe kabla ya awamu ya kwanza ya unga. Mpangilio wangu: mayai, chai ya rangi, viazi vya kuchemsha, wali, mboga ya kuunga, ugali. Chai ya maziwa iende baada ya wali. Maziwa hupanda na kumwagika ndani ya sekunde chache, na mtoto mwenye mwitikio wa polepole atafika yakiwa tayari yamezima jiko.

JikoBaridi alijibu:

Samahani kuwa tofauti. Kwa wanafunzi 9 na watu wazima wawili, kwa nini moto? Kuna kachumbari, matunda ya kukata, juisi ya ukwaju, mkate na siagi ya karanga. Anajifunza kufuata hatua zote hizo bila mtu kuungua. Moto ungoje mpaka apate watu wa kumsimamia mmoja mmoja.

TibaKazi_Kaskazini alijibu:

JikoBaridi, kama sehemu ya kazi hiyo ni sahihi, na nitaeleza chini namna ya kuigawa. Kama mpango mzima sikubaliani. Mwenye miaka 17 anakaribia kutoka shuleni. Akitoka hajawahi kuwasha jiko, atakuwa mtu mzima anayesubiri sahani, na siku akibaki peke yake na njaa atajaribu kuwasha bila kufundishwa. Hatari haijaondoka, imeahirishwa tu hadi mahali ambapo hakuna wa kumwona.

Mgawanyo: makundi matatu ya watatu watatu. Moja motoni na mwalimu. La pili mezani na msaidizi: kumenya, kukata, kachumbari. La tatu kazi wanazoziweza tayari bila msaada: kupanga sahani, kuosha, kufuta. Chora mstari wa chaki au rangi kuzunguka jiko, kama mita moja kila upande. Ndani ya mstari ni mpishi mmoja na mwalimu tu. Wengine wawili wa kundi la moto wanakaa kwenye benchi nje ya mstari wakitazama kamba ya picha, na kutazama huko ni kujifunza pia. Kwa hiyo Alhamisi moja ni wapishi watatu, kila mmoja na mayai yake mawili. Hamtapika mlo wa darasa zima siku hiyo. Hapa ndipo walimu wengi wanakwama: wanataka chakula cha wote kiive kabla ya kengele, basi mikono ya haraka inachukua kazi, na mikono ya haraka ni ya msaidizi.

Gesi au mkaa: uliza nyumbani kwanza. Tuma karatasi yenye swali moja, mnapikia nini? Atakayerudi kwenye mkaa afundishwe mkaa. Tofauti yenyewe ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwenye gesi, jambo likiharibika kanuni ni "zima." Kwenye mkaa hakuna kuzima, kanuni ni "ipua." Mtoto aliyefundishwa gesi tu, akiona sufuria ya mkaa inafurika atatafuta cha kuzungusha, hatakipata, ataganda. Fundisha kanuni hiyo kama zoezi la peke yake, jiko likiwa baridi, sufuria ina maji ya bomba: wewe unapiga makofi, yeye anaipua kwa vitambaa viwili na kuiweka kwenye kigae kilichowekwa sakafuni. Rudieni mpaka afanye bila kufikiri. Na jiko la mkaa liwashwe nje au mlango na madirisha yakiwa wazi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na anayeivuta hupata usingizi kabla hajajua anaumwa.

Muuguzi_Pwani alijibu:

Nijibu la kifafa, maana nimeona kila mtu amelipita.

Asiwekwe mbali moja kwa moja. Uliza mzazi degedege humjia mara ngapi, huanza na dalili gani, na kama dawa hazijakatika. Akiwa ameanguka wiki hiyo au ameruka dozi, siku hiyo akae kundi la meza. Siku nyingine apike kwa masharti. Jiko lisiwe chini sakafuni. Jiko la mkaa la chini ndilo hatari kubwa kwa mwenye kifafa, kwa sababu anaangukia juu yake. Jenga ukuta mfupi wa tofali usawa wa kiuno chake, jiko likae juu na nyuma kabisa, na yeye asimame ubavuni. Hachukui sufuria ya moto kutembea nayo: sahani ndizo zinaifuata sufuria. Mtu mzima awe umbali wa mkono.

Akianguka, kwanza mvute atoke motoni. Mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimbane. Ikipita dakika 5, au likija la pili kabla hajazinduka, apelekwe hospitali. Wenzake wafundishwe mapema kwamba mate yake hayaambukizi kifafa. Hofu hiyo imewafanya watu waachwe waungue na jirani amesimama pale pale.

Akiungua mtu: maji baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, kamili. Vua bangili na saa kabla hapajavimba. Funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, ute wa yai, mafuta, unga, udongo, hapana. Bomba lenu liko nje. Hakikisha njia ya kufika haina meza wala ndoo, na siku ya mgao wa maji kuwe na ndoo mbili zimejaa pembeni.

Gesi: kiberiti kwanza, ndipo kifungulio. Akifungua kwanza na kutafuta njiti, gesi imeshajikusanya. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kukaa miguuni, kwa hiyo anayenusa akiwa amesimama anaweza asiisikie mapema. Kukiwa na harufu: funga, toa watoto, fungua mlango, usiguse swichi ya taa, hata kuzima. Maungio yapimwe kwa povu la sabuni kila mara mtungi unapobadilishwa. Mapovu yakikua, panavuja. Njiti ya kiberiti ni fupi kwa mkono usiotulia. Nunua kile kiwashio kirefu cha jiko.

Jambo moja dogo kwa TibaKazi: kiini cha yai lililoiva sana ni kikavu, na kwa mwenye mtindio wa ubongo anayemeza kwa shida kinapalia. Kipondwe na chai au maziwa kidogo, akae wima, tonge dogo.

Mwl_Kitengo aliandika:

Asanteni sana. La mstari wa chaki na la kupika mayai mawili mawili nimelichukua. Maswali yaliyobaki: (1) huo mtungi wa kilo 6 jiko liko juu yake, ukiweka sufuria unayumba. (2) Wa mkono mmoja anakataje, na ugali atausongaje? (3) Mmoja wa wale wenye usonji vitunguu vikianza kukaangwa anaziba masikio na kukimbia. (4) Hela. Wanatumwa dukani, wanatoa noti yoyote.

Fundi_Visaidizi alijibu:

(1) Mtungi mdogo wenye jiko juu haukufaa kufundishia. Ni mrefu kwa aliyeketi, mwembamba kwa sufuria pana, na moto uko juu ya gesi yenyewe. Njia bora ni jiko la mezani lenye mpira na regyuleta, mtungi ukae pembeni chini. Kama hela haipo, fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya nondo yenye miguu minne iliyopanuka, mtungi uingie katikati, na juu kuwe na bamba lenye tundu la jiko. Sufuria inakaa kwenye bamba, haikai kwenye mtungi. Acha nafasi ya kufikia kifungulio upande wa mpishi ili asipitishe mkono juu ya moto.

(2) Kukata kwa mkono mmoja: kibao cha mbao ngumu, misumari miwili isiyoshika kutu ipigwe kutoka chini itokeze juu kama sentimita 3, ikiachana sentimita 2. Kiazi au kitunguu unakichoma hapo, hakisogei. Kwenye kona moja pigilia vipande viwili vya mbao vinavyokutana pembe ya mraba, vya kuzuia mkate au nyanya. Chini ya kibao tandika kitambaa kilicholowa na kukamuliwa. Kitambaa hicho kinawafaa wote tisa, kwa sababu ajali nyingi za kisu huanza na kibao kuteleza. Misumari ivalishwe kizibo cha chupa isipotumika.

Kwa wenye mikono miwili: wasikate kiganjani, hata kama mama zao wanakata hivyo. Anza kwa kuchambua mchicha na kuvunja maharage mabichi kwa mkono, halafu ndizi mbivu kwa kisu cha mezani, halafu kiazi kilichochemshwa, halafu nyanya kwa kisu chenye meno. Kisu butu ni hatari kuliko kikali kwenye nyanya, kinateleza kwenye ngozi. Mkono unaoshika ufanye daraja: kidole gumba upande huu, vidole upande wa pili, kisu kinapita chini ya daraja. Kitunguu mwishoni, na kila mara kikatwe nusu kwanza, upande bapa ulale chini.

Ugali kwa mkono mmoja ni kazi ngumu kweli, kwa sababu sufuria inazunguka na mwiko. Fundi huyo huyo akutengenezee kishikio: duara la nondo linalozunguka jiko, lenye nguzo tatu fupi zinazobana sufuria kwa nje, miguu yake ikifungwa kwenye ule ukuta wa tofali. Sufuria iwe moja tu yenye kipimo hicho. Apikie unga kopo moja na robo, maji mawili. Donge dogo linasongeka. Maji ya moto asiyamwage kamwe kwa kuinamisha sufuria. Viazi avitoe kwa upawa wa matundu, maji yapoe yenyewe.

Sufuria_na_Mwiko alijibu:

(3) Huenda si harufu. Tazama anakimbia saa ngapi: kitunguu kikikatwa, au mafuta yakilia? Akiziba masikio ni ule mlio. Unatokana na maji kukutana na mafuta ya moto, basi futa kitunguu kwa kitambaa, kitie mafuta yakiwa bado hayajapata moto sana, na funika. Mwonyeshe picha ya kitunguu kwenye kamba kabla hakijaingia, ili mlio usimjie ghafla. Mpe nafasi karibu na mlango na kadi ya "naomba kutoka." Akitoka arudi kwenye hatua ile ile, picha yake iwe bado imening'inia. Au mboga yake ichemshwe kila kitu pamoja, mafuta yawekwe mwishoni. Inalika vizuri tu.

Kalamu_ya_Genge alijibu:

(4) Usianze na kuhesabu chenji. Wengine watafika huko, wengine hawatafika, na asiyefika bado anahitaji chumvi. Fundisha noti inayofuata juu. Bei ikiwa chini ya elfu, toa ya elfu, ya buluu. Ikizidi elfu lakini haifiki elfu mbili, toa ya elfu mbili. Ya elfu tano ni zambarau, ya elfu kumi nyekundu. Anasikiliza tarakimu ya kwanza tu: "elfu moja na mia saba" anasikia "elfu moja na," anajua noti ya elfu moja haitoshi. Yule ambaye hata hilo ni gumu, mpe kipochi chenye noti moja ya kitu kimoja, na karatasi ya orodha ibandikwe kipande cha pakiti yenyewe ya chumvi au majani ya chai. Muuzaji anaona, hakuna haja ya kusema.

Nenda wewe kwanza kwa mwenye genge umweleze mambo mawili: asimhudumie mtoto kabla hajatoa hela mwenyewe, na chenji aiweke mezani badala ya kumtia mfukoni. Muuzaji mwema akimhurumia na kumchukulia hela mkononi, somo limeisha. Nyanya za fungu ni nzuri kuanzia kwa sababu bei ni noti au sarafu kamili na hakuna mizani. Nendeni asubuhi ya Alhamisi, wawili tu kwa zamu, na kinachonunuliwa kiwe kile kitakachopikwa saa hiyo.

Mwl_Kitengo aliandika:

Nimeelewa. Wazazi je? Nikiwaambia mtoto apike nyumbani watakataa.

TibaKazi_Kaskazini alijibu:

Usiwaambie apike. Subiri karatasi yake iwe na P kuanzia kunawa mpaka kumenya, kwa jiko la aina ile ile la nyumbani. Halafu mwite mama Alhamisi, akae kwenye benchi nje ya mstari, atazame kimya. Kazi yako siku hiyo ni kumzuia mama asiseme "mwanangu, maji." Akimaliza, mpe mama kamba ya picha, kopo lenye bandi na mayai mawili, umwombe jambo moja: Jumamosi, akiwepo yeye, kwa jiko lake. Wiki ya kwanza anaruhusiwa kuwasha mama mwenyewe, mtoto aendelee kuanzia kubandika. Jumatatu arudishe karatasi yenye alama ya vema au ya kosa, hata kama hajui kusoma anaweza kuweka dole. Karatasi ikirudi tupu, mpigie simu uulize jiko lilikuwa wapi na sufuria ilikuwa ipi. Mara nyingi utakuta nyumbani sufuria ni kubwa mno, mayai mawili yanahitaji nusu ndoo ya maji kufunikwa, na mkaa umeisha kabla hayajachemka. Hapo mwazime ile ndogo ya shule.